Chuma cha Pua, na Kile Kingine

Fremu mbili zinaning'inia kwa Nyambane,
kwenye boriti ya kibanda chake Kamukunji,
kati ya masanduku ya bati na majiko yasiyo na wenyewe.
Moja ni yangu. Nyingine ilikuwa ya Jebiwott.

Yangu ni ya chuma cha pua. Kuukuu. Imepakwa rangi mara tatu
na bado kijani cha kwanza kinachungulia shingoni.
Mirija yake ni myembamba kama mikono ya mtu anayefunga,
lakini ukiigonga kwa spana inaitika,
inaitika kwa muda,
kama mtu aliyeitwa akiwa chumba cha ndani.

Ya Jebiwott ni alumini. Mirija minene, ya kuvutia.
Ukiigonga inasema ko.
Basi.

Sijui nani aliamua chuma hiki kiitwe pua,
ila Nyambane huileta yake hadi kwenye tundu la kiti, akanusa.
"Kutu," anasema. "Huanzia ndani, pale usipopanguza."
Masika mawili tu niliiacha kwenye roshani, Umoja.
Alumini ingelala mvuani na kuamka vilevile.

Na Karura, kwenye kilima, alinidhalilisha.
Kila alichokanyaga kilifika gurudumuni, hakuna senti iliyopotea njiani;
mimi nyuma, nikisukuma kilo zangu za ziada na fahari yangu.
Tulipoteremka, mambo yakageuka:
mizizi ya mikalitusi mimi nilisimuliwa na fremu,
yeye alitafunishwa.

Kwenye mlango wake Nyambane ameandika kwa chaki:

*Cha pua hukujulisha, kabla hakijavunjika,*
*Hupinda na kukutisha, ukapata kujishika,*
*Alumini huchekesha, mara moja hukatika,*
*Jiulize ukishuka, chuma gani umepanda.*

Nikimuuliza, anafafanua bila vina:
chuma cha pua kina kiwango chake cha kusamehe,
pigo likiwa dogo hakiliweki moyoni.
Alumini haisahau.
Kila shimo, kila jiwe, kila ukingo wa barabara ya Kiambu
inaandika, kimya, kama mwenye duka anayekukopesha huku anatabasamu,
mpaka siku daftari linajaa.

Lilijaa Agosti, juu kidogo ya maporomoko,
kwa mruko ambao hata mtoto angeuruka.
Sikusikia mlio. Nilisikia kimya, kisha majani,
kisha Jebiwott akitukana kwa Kikalenjin
na mtulinga wake umesimama mahali pasipo pake.

Nisiwe mwongo: fremu ile ilipitia mikono minne kabla ya yake,
na wapo wenye alumini za miaka kumi na tano
wanaonipita mpaka leo bila kugeuza shingo.

Nyambane alikataa kuichoma. "Naweza kuiunga," alisema,
"lakini moto wangu utailegeza palipobaki imara.
Halafu mimi ndiye nitakayekuja kukutazama wodini."

Tukaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mlango wa tatu.
Mizani ikasema kilo moja na robo tatu.
Hapo ndipo nilipocheka: alumini ina bei kuliko chuma.
Yangu, na uzito wake wote, isingenunua hata chai.

Jebiwott akahesabu noti kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa kifuani.
"Nikipona," akasema, "nanunua alumini tena."
Nikamtazama.
"Wewe unapenda kuonywa. Mimi napenda kufika."

Sikuwa na jibu. Nilinunua mahindi mawili, lake nikalipukusua.

Nyuma yetu Nyambane amewasha gesi,
anatia shaba kwenye ungo la fremu yangu, polepole.
Anazima. Anangoja ipoe. Anaigonga.

Inaitika.
Bado ameinamisha kichwa, anasikiliza.